Vifurushi vya Picha za Shule: Namna ya Kuvipanga na Kuviwekea Bei Usiondoke na Hasara

Kijana mmoja wa kamera alinipigia simu msimu wa mahafali, sauti imejaa furaha. Kapata shule binafsi ya watoto 300, kauza picha 120 za saizi ya inchi 5x7 kwa shilingi 3,000 moja. Labu ya kuchapa picha ilimtoza 1,000 kwa kila picha. "Kaka, nimeingiza laki mbili na arobaini siku moja!"

Nikamuuliza nauli alilipa nani. Wasaidizi je? Zile siku tatu alizokaa kwenye kompyuta hadi macho yakawa mekundu, kajilipa ngapi? Shule nayo ilichukua asilimia 10 yake, sivyo? Tulipojumlisha yote, kumbe ametoa mfukoni shilingi 176,000 ili apate kuwapiga picha watoto wa watu.

Simu za namna hii nimezipokea nyingi, na kosa ni lilelile: watu wanaweka bei ya karatasi. Wanachukua bei ya labu, wanazidisha mara mbili au tatu, basi. Mwongozo huu unakwenda kinyume: tunaanza na gharama za siku nzima, tunazigawa kwa wale watakaonunua kweli, ndipo tunafika kwenye bei. Mfano wangu ni wa Morogoro, shule ya msingi binafsi yenye wanafunzi 300. Bei za kwako zitakuwa tofauti, kwa hiyo chukua njia, tarakimu uweke zako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya bei ya labu ya picha, imeandikwa. Bei ya mdomo hubadilika siku ya kuchukua mzigo.
- Kamera ya pikseli milioni 24 au zaidi, lenzi ya milimita 50 au 85, taa moja yenye mwavuli, na pazia la nyuma la rangi moja. Kijivu kinafaa kwa sare karibu zote.
- Orodha ya majina kwa kila darasa. Iombe kwa mwalimu wa taaluma.
- Kibao cheupe kidogo na kalamu ya kufutika.
- Fomu za oda na bahasha za khaki.
- Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Mzazi akiona jina la mtu binafsi anasita.
- Daftari au Excel, na kikokotoo.

Ukikosa mwavuli, kivuli cha mti wa shule kitakusaidia. Ukikosa orodha ya majina, ahirisha kazi.

## Hatua ya 1: Anza labu, shule baadaye

Wengi wanaahidi shule saizi fulani, kisha wanakwenda labu kuuliza kama ipo. Geuza mpangilio huo, kwa sababu saizi ndiyo inayoamua utakavyopiga picha.

Kamera nyingi hutoa picha yenye uwiano wa 3 kwa 2. Saizi za 4x6 na 8x12 zina uwiano huohuo, hivyo hakuna kinachokatwa. Saizi ya 5x7 inakata kidogo: picha ikitanuliwa hadi upana wa inchi 5, urefu wake unakuwa inchi 7.5, na nusu inchi inaondoka. Kwa mtoto mmoja hilo halina shida, alimradi umeacha nafasi juu ya kichwa.

Balaa ni 8x10. Picha ya darasa ikiwa na kimo cha inchi 8, upana wake wa asili ni inchi 12. Labu inakata inchi 2, moja kila upande. Sasa panga watoto 38 kwa mistari mitatu, kama 13 kila mstari. Kila mtoto anakaa kwenye nafasi ya inchi moja hivi. Ukikata inchi moja kila upande, umeondoa mtoto mmoja kila ncha ya kila mstari, yaani watoto sita. Najua kwa sababu mimi niliwakata hao sita, na mmoja alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Tangu siku hiyo 8x10 haimo kwenye fomu yangu.

Baada ya kuchagua saizi, chapa picha tatu za majaribio: mtoto mweusi sana, mtoto maji ya kunde, na mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likang'aa. Kagua nyuso. Mashine nyingi za labu zina marekebisho ya rangi yanayofanya kazi zenyewe, na nyuso nyeusi zinatoka na umajivu kama mtu aliyekosa mafuta ya kujipaka. Mwambie fundi azime marekebisho hayo, kisha achape tena.

Uliza pia aina ya karatasi. Ya kung'aa inavutia mkononi, lakini inashika alama za vidole, na ikikaa kwenye fremu mahali penye unyevunyevu inagandana na kioo. Kwa picha za fremu chukua isiyong'aa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na picha tatu mkononi ambazo usingeona haya kumpa mzazi, na karatasi ya bei. Bei zangu za mfano ni hizi: 4x6 shilingi 500, 5x7 shilingi 1,000, 8x12 shilingi 4,000, fremu ya 8x12 shilingi 6,000.

## Hatua ya 2: Andika gharama za siku, hata zile unazoziona aibu

Hizi ni gharama utakazolipa auze mtu au asiuze, anunue mzazi au asinunue:

- Usafiri na kubeba vifaa: 40,000
- Wasaidizi wawili, 30,000 kila mmoja: 60,000
- Chakula, maji na bando: 25,000
- Fomu 300 kwa shilingi 100: 30,000
- Ujira wako, siku 1 ya kupiga na siku 3 za kuhariri na kupanga, 40,000 kwa siku: 160,000
- Uchakavu wa vifaa: 40,000
- Safari ya pili ya kupeleka picha: 25,000

Jumla ni 380,000.

Mistari miwili ndiyo watu huiruka. Wa kwanza ni ujira wako. Utasikia mtu anasema, "Mimi najilipa kwenye faida." Faida ikikosekana, amefanya kazi siku nne bure na hajui. Jiweke kwenye orodha kama unavyomweka dereva wa bajaji.

Wa pili ni uchakavu. Vifaa vyangu vya kazi ya shule viligharimu kama 3,600,000. Nakadiria vitadumu miaka mitatu, na kwa mwaka napata siku 30 za shule. Hizo ni siku 90, kwa hiyo kila siku inakula 40,000. Ukiipuuza tarakimu hii, siku kamera ikigoma utakwenda kukopa.

## Hatua ya 3: Kisia wanunuzi, na ukisie kwa ubahili

Hapa ndipo yule kijana alipopotea. Gharama za 380,000 ukizigawa kwa watoto 300 unapata 1,267 kwa kila mtoto, na moyo unatulia. Lakini watoto 300 hawanunui. Wapo ambao wazazi wao wamebanwa, wapo waliopiga picha kwenye sherehe ya wiki iliyopita, wapo ambao fomu iliishia chini ya begi pamoja na maganda ya ndizi.

Shule ambayo hujawahi kufanya nayo kazi, hesabu asilimia 40. Kwa watoto 300 ni wanunuzi 120. Gawa 380,000 kwa 120: unapata 3,170 hivi. Huo ndio mzigo ambao kila kifurushi kinapaswa kuubeba kabla hata ya karatasi ya picha. Mzazi anayenunua anamlipia na yule asiyenunua. Ndivyo biashara hii ilivyo, na ndiyo maana picha ya shilingi 3,000 haiwezi kusimama.

Tarehe nayo inasogeza asilimia hiyo. Januari wazazi wana ada na sare, usiwaguse. Wiki ya mwisho wa mwezi, mshahara umeingia, ni nzuri kuliko katikati ya mwezi. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba na kidato cha nne Novemba. Baada ya mtihani wanatawanyika, kwa hiyo picha zao ziwe zimeshagawiwa kabla. Kidato cha sita mtihani wao ni Mei, nao vilevile.

## Hatua ya 4: Jenga vifurushi vitatu, visizidi

Niliwahi kuwa na vifurushi saba. Wazazi walikuwa wanaiweka fomu mezani wasubiri kushauriana, na mashauriano yale hayakuisha. Vitatu vinatosha: kimoja cha anayetaka kumbukumbu tu, kimoja unachotaka wengi wachukue, na kimoja cha mwenye nafasi.

Siri ya kifurushi kizuri ni kuweka vitu ambavyo kwako ni rahisi kutengeneza ila kwa mzazi vina thamani. Mfano mzuri kuliko yote ni picha za pasipoti. Karatasi moja ya 4x6 inabeba picha nane za milimita 35 kwa 45: nne kwa urefu, mbili kwa upana. Wewe inakugharimu 500. Mzazi anaijua adha ya kumtoa mtoto Jumamosi kwenda studio, maana fomu za kujiunga na sekondari za bweni zinataka picha za pasipoti, na kila mwaka kuna fomu nyingine inayozitaka.

Upande wa pili kuna picha ya darasa, ambayo watu huiweka kwa saizi ya 4x6 ili kubana matumizi. Usifanye hivyo. Watoto 13 kwenye mstari wa inchi 6, uso wa kila mmoja unakuwa kama punje ya mtama. Kwenye 8x12 unakuwa kama punje ya mahindi, na hapo bibi kijijini anaweza kumwonyesha jirani mjukuu wake kwa kidole bila kubahatisha. Picha ya darasa ni 8x12 au isiwepo.

Vifurushi vyangu:

Kumbukumbu. 5x7 moja ya mtoto na pasipoti nane. Kuchapa 1,500, bahasha 300, akiba ya makosa 200. Jumla 2,000.

Familia. 5x7 mbili, pasipoti nane, 8x12 moja ya darasa. Kuchapa 6,500, bahasha 300, akiba 400. Jumla 7,200.

Sebuleni. 8x12 ya mtoto ndani ya fremu, 5x7 mbili, pasipoti nane, 8x12 ya darasa. Kuchapa na fremu 16,500, bahasha 300, akiba 700, ufungaji wa fremu 500. Jumla 18,000.

Ile akiba ya makosa usiifute ukidhani wewe hukosei. Picha itakunjwa na mtu, jina litachanganywa, fremu itavunjika kwenye bodaboda. Ni suala la lini tu.

Je, faili la picha kwa simu? Usilitoe bure kwenye Kumbukumbu, maana mzazi akishakuwa nalo hana sababu ya kurudi kuchapa nyingine. Mimi nalitoa kama zawadi ndani ya Sebuleni, na wa Familia anaongeza 5,000. Hesabu za chini hazina fedha hiyo.

## Hatua ya 5: Piga bei

Sasa kuna makato yanayotokana na bei yenyewe. Shule yangu ya mfano inachukua asilimia 10. Makato ya malipo ya simu naweka asilimia 2, ila angalia ya mtandao wako. Faida ya kukuza biashara, nje ya ujira wako, naweka asilimia 20. Jumla asilimia 32, kwa hiyo asilimia 68 iliyobaki ndiyo inayopaswa kulipa gharama zote.

Kanuni: gharama ya kifurushi jumlisha 3,170, kisha gawa kwa 0.68.

- Kumbukumbu: 5,170 ÷ 0.68 = 7,603. Weka 8,000.
- Familia: 10,370 ÷ 0.68 = 15,250. Weka 15,000.
- Sebuleni: 21,170 ÷ 0.68 = 31,132. Weka 30,000.

Wengi hukosea hapa kwa kuongeza asilimia 32 juu ya gharama, yaani kuzidisha kwa 1.32. Jaribu kwenye Kumbukumbu: utapata 6,824. Shule inakata asilimia yake kwenye bei ya kuuza, haikati kwenye gharama zako. Kuzidisha kunakupunja karibu shilingi 800 kila bahasha.

Kabla ya kuchapa fomu, zijaribu bei zako. Toa makato ya asilimia 12 na gharama ya kifurushi uone kinachobaki kubeba siku:

- Kumbukumbu: 8,000 − 960 − 2,000 = 5,040
- Familia: 15,000 − 1,800 − 7,200 = 6,000
- Sebuleni: 30,000 − 3,600 − 18,000 = 8,400

Jaribio la kwanza: wote wakichukua kidogo kabisa, wangapi wanarudisha gharama za siku? 380,000 ÷ 5,040 ni watoto 76. Robo ya shule. Unaweza kulala.

Jaribio la pili, siku ya kawaida: Kumbukumbu 40, Familia 60, Sebuleni 20. Kinachobaki ni 729,600. Toa 380,000, faida ni 349,600, na ujira wako umeshalipwa.

Jaribio la tatu, siku mbaya: 40, 28 na 7. Kinachobaki ni 428,400, faida 48,400. Si nyingi, lakini hukuenda nyumbani mikono mitupu.

Kama jaribio la kwanza linadai zaidi ya theluthi moja ya shule, usiende. Punguza gharama za siku au pandisha bei.

## Hatua ya 6: Kaa na mkuu wa shule

Mkuu wa shule atakuambia, "Mwalimu wa picha, wazazi wetu wana hali ngumu, weka elfu tano." Pengine anasema kweli. Lakini kabla hujatikisa kichwa, piga hesabu: Kumbukumbu kwa 5,000 inabakiza 2,400, na sasa unahitaji wanunuzi 159 badala ya 76. Umepunguza shilingi 3,000, mzigo umeongezeka zaidi ya mara mbili.

Jibu langu huwa ni kuongeza kitu, bei ibaki ilipo. Mzazi mwenye watoto wawili shuleni anapata 5x7 moja ya ndugu wakiwa pamoja, bure. Inanigharimu 1,000 na dakika moja, na picha hiyo wanaipenda kuliko zote. Kwa shule yenyewe, natoa 8x12 ya walimu iliyo kwenye fremu ya ofisini, fedha ninayoiongeza juu ya zile gharama za siku za Hatua ya 2.

Shule za serikali zenye watoto 900 ni hesabu nyingine kabisa. Huko kifurushi kimoja cha bei ya chini kinaweza kufanya kazi kwa sababu ya wingi, ila wasaidizi wanaongezeka na siku za kazi zinaongezeka. Rudi Hatua ya 2 uanze upya.

Mkikubaliana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe ya kupiga, tarehe ya kukabidhi, asilimia ya shule na lini italipwa, nani anapokea bahasha, na kwamba hutachapa kabla ya malipo. Nilifanya kazi na shule moja kwa maneno ya mdomo. Mkuu akahamishwa katikati, mgeni akadai asilimia 25, na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Nililipa.

Leseni na namba ya mlipakodi viwe tayari. Mhasibu wa shule atavidai, na risiti vilevile.

## Hatua ya 7: Fomu inayojibu maswali yote

Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi. Juu picha ya vifurushi vitatu vilivyotandazwa mezani, uvipige mwenyewe. Mzazi anataka kuona 8x12 ina ukubwa gani, kwa hiyo weka daftari la shule kando yake ili apime kwa macho. Familia ikae katikati na iwe na mstari mnene kuizunguka.

Chini yake: jina la mtoto, darasa, namba ya simu ya mzazi, kisanduku cha kifurushi, Lipa Namba, mahali pa kuandika namba ya muamala, na tarehe ya mwisho.

Usisahau mstari wa ridhaa na sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa picha za watoto wa watu. Mstari useme picha itapigwa kwa ajili ya mzazi na shule, na kisanduku cha pili kiulize kama unaruhusiwa kuitumia kwenye matangazo yako. Visanduku hivyo viwe viwili, maana mzazi anaweza kukubali cha kwanza akakataa cha pili.

Gawa fomu siku 10 kabla. Siku ya tatu kabla, mwalimu wa darasa akumbushe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Picha zenyewe usizitume humo kamwe. Kwanza ni watoto wa watu wengine. Pili, mzazi akishaipakua hatanunua karatasi.

Ukiona robo ya fomu zimerudi na malipo kabla ya siku ya picha, kazi imeshajilipia. Zikiwa chini ya hapo, mpigie mkuu wa shule uulize kama fomu zilitoka kabatini. Mara mbili nilikuta hazikutoka.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Piga watoto wote, walipie au wasilipie. Mwombe mwalimu asiwatoe kwenye foleni wale ambao hawajalipiwa. Mtoto hana kosa, na wazazi wengi hulipa baada ya kusikia mwenzake kapigwa.

Sekunde 45 kwa mtoto, watoto 300 ni saa 3 na dakika 45. Madarasa manane kwa dakika 10 kila moja ni saa 1 na dakika 20. Ukianza saa 2 asubuhi, pamoja na nusu saa ya uji, unamaliza kama saa 7 na nusu mchana. Wadogo wa awali waanze, kabla uji haujafika kwenye shati.

Msaidizi wa kwanza anasimamia foleni na kibao. Picha ya kwanza ya kila mtoto ashike kibao chenye namba yake, mfano 4B-017, na namba hiyohiyo iwe kwenye orodha ya majina. Msaidizi wa pili ananyoosha kola, anafuta jasho, anafunga tai. Baada ya kibao piga picha tatu, usizidi, ukiacha nafasi kidogo pande zote kwa ajili ya ule ukataji wa 5x7.

Kabla hamjafungasha vifaa, hesabu vibao kwenye kamera na majina kwenye orodha. Pasipolingana, mtafute mtoto papo hapo. Kurudi kesho ni 40,000.

## Hatua ya 9: Chapa kilicholipiwa, kabidhi, andika

Chapa za waliolipa tu. Mwaka wangu wa pili nilichapa za shule nzima nikiamini wazazi wakiziona watashindwa kukataa. Walishindwa kukataa, ila pia walishindwa kulipa, na bahasha zaidi ya mia zilikaa chini ya kitanda changu mpaka panya wakazipata.

Ambao hawakulipa wape nafasi ya pili ya siku 10, kwa nyongeza ya 2,000 kwenye kila kifurushi. Nyongeza hiyo inalipia safari ya pili ya labu, na mwakani inawafundisha kuwahi.

Kila bahasha iandikwe jina, darasa, namba na kifurushi kwa nje. Zifunge kwa darasa, na mwalimu wa darasa asaini idadi aliyopokea. Ukiruka sahihi hiyo, bahasha moja iliyopotea itakuwa yako wewe kuichapa upya.

Jioni ileile fungua daftari. Andika wanunuzi walikuwa wangapi, kila kifurushi kilichukuliwa mara ngapi, gharama halisi zilikuwa ngapi, umechapa upya picha ngapi. Kama ulikisia 120 wakaja 96, shule hiyo mwakani unaigawa kwa 96, na mzigo wa kila kifurushi unakuwa 3,958 badala ya 3,170. Piga bei zake upya kuanzia hapo kabla hujamrudia mkuu wa shule.